Mikono Yangu Ilikuwa Kichwani mwa Mama Mkwe

"Toa pete."

Nikaitoa. Haikunisumbua, vidole vya msusi havikosi mafuta.

"Huna hata la kusema?" Mchumba wangu akanisogezea simu yake usoni. "Jina lako, picha zako, akaunti yako. Jana saa tano asubuhi unamwandikia rafiki yangu, 'Nimekumisi mpenzi, huyu mchumba wangu fundi umeme ananichosha.' Rafiki yangu!"

"Si mimi."

"Si wewe? Basi ni jini!"

Nilitaka kulia, machozi yakagoma. Nikachukua kitana, nikarudi kwa mteja wangu. Mteja mwenyewe ni mama yake mzazi, kaja kumaliziwa rasta tulizoanza jana.

"Jana saa tano?" Mama mkwe akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "We mtoto! Jana kutwa nzima mikono yake ilikuwa kichwani mwangu. Hata maji nilimnywesha mimi. Aliandika kwa miguu?"

Mchumba wangu akaishusha simu.

Nikafuta mikono, nikafungua simu. Meseji ya juzi bado ilikuwepo: *Hii ni namba yako ya siri ya kuingilia kwenye akaunti. Usimpe mtu yeyote.*

Sisi wasusi mikono ikishika nywele, simu ni ya kila mtu. Mteja achague mtindo, mwingine apokee simu. Juzi meseji hiyo ilipoingia, mimi mwenyewe nilisema, "Wifi, hebu nisomee."

"Wifi," nikamwita. Alikuwa kwenye benchi, kainamia kucha zake. "Juzi si uliniambia ni matangazo tu?"

"Nilitaka kaka amuoe rafiki yangu, basi!" akafoka. "Msomi mwenzetu!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Ajabu, hata hasira sikuiona.

"Mshenzi wewe, toka!" Mchumba wangu akamfukuza dada yake, kisha akapiga magoti juu ya mabaki ya nywele. "Nisamehe, mpenzi. Sasa nimejua ni yeye."

"Na mimi ulinijua lini?"

"Vaa pete yako, nakuomba."

"Yule wa kwenye simu ulimwamini papo hapo. Mimi nilisema si mimi, ukasema basi ni jini. Muoe yeye."

Akasubiri nilie. Sikulia. Akaondoka na pete mkononi.

Mama yake akanitazama kwenye kioo, macho yamemjaa maji.

"Mwanangu, mimi bado utanisuka?"

"Nitakusuka, mama. Tulia, usigeuze kichwa."