Nilidhani Ni Kabula, Kumbe Ni Jamvi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Quionga, mwalimu wa hesabu. Watu huniita Profesora, yaani mwalimu kwa Kireno, kwa heshima. Laiti wangejua!

Mwanahawa ni mtoto wa kaka yangu. Alipofika miaka kumi na mitano, kaka alinikabidhi, akae kwangu na asome darasani kwangu. "Huyu ni wako," aliniambia. Asubuhi alisoma, alasiri alisuka majamvi ya mirabamiraba na mama yangu. Darasani alikuwa kimya, Kireno cha shuleni kilimpiga chenga... nami nikamwona mzito wa kichwa. Mungu anisamehe!

Kwenye mtihani wa mwisho niliuliza: moja, jumlisha tatu, jumlisha tano, vivyo hivyo mpaka kumi na tisa, jumla ni ngapi? Darasa zima lilihangaika, wengi wakakosea. Mwanahawa aliandika mia moja. Basi! Hakuna hatua hata moja, ila vijimraba vimebanana pembeni mwa karatasi.

Damu ikanichemka. Nikajua ni kabula, majibu ya wizi wanayoyaficha wanafunzi. Nikamfokea mbele ya wenzake.

"Siyo kabula, shangazi," alisema. "Ni jamvi."

Nikamtaka aeleze kwa Kireno. Akajaribu... Kireno kikamkatalia. Kwa Kiswahili sikumpa nafasi. Nilikuwa naogopa nini? Niliogopa watu waseme nambeba mtoto wa kaka yangu! Nikaandika sifuri, nikapeleka jina lake ofisini. Akafukuzwa shule.

Akaenda Afungi kuosha vyombo kwenye jiko la vibarua wa mradi wa gesi. Kaka akaacha kunisalimia. Kisha vita vikatutawanya.

Miaka saba baadaye, kwenye semina ya walimu, mkufunzi alichora mraba mmoja ubaoni. Akauzungushia mitatu kwa pande mbili, ukawa mraba mkubwa. Akazungushia mitano, mkubwa zaidi. Alipofika safu ya kumi, kumi kwa kumi, mia moja! Akasema wanahisabati wengi huona picha kwanza, ndipo huandika hatua, na kwamba ule ulikuwa uthibitisho kamili, bila neno hata moja.

Nilitoka nje nikalia. Mimi niliyekulia juu ya majamvi, nikashindwa kuliona jamvi!

Nilimtafuta mpaka nikampata, amerudi Palma, karibu na kwetu, ana binti wa miaka mitano. Nikapiga magoti. Akaninyanyua, akanipa chai, akasema yamepita. Kwa furaha nikamwomba aniletee binti yake nimfundishe hesabu.

Akamvuta mtoto karibu yake.

"Ahsante, shangazi. Huyu ntamfundisha mwenyewe."

Walimu, wazazi, nawasihi... mtoto akipata jibu kwa njia msiyoijua, msikimbilie kalamu nyekundu. Muulizeni ameonaje, kwa lugha ya kwao, na mngoje amalize. Mimi sikungoja. Siku hizi nikipita nje ya ua wao namsikia yule mtoto akihesabu kwa sauti, na sithubutu kupiga hodi.