Kamera Iliyojua Majina

Kamera ilikuwa nzima kila mahali, ila iliona uso mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sheryl aliifahamu kazi ya kupima kamera ndogo. Alikuwa na ukurasa mtandaoni ambako watu wa kawaida, akina mama wa chama cha akiba, walimu, wazazi wenye watoto shule za bweni, walimuuliza wanunue kamera gani isiyosumbua, ya kutia mfukoni na kupiga picha za kila siku. Yeye huitafuta, hukaa nayo, hupiga kila kitu, sufuria ya ugali, nguo kwenye kamba, paka wa jirani, halafu huwaambia ukweli. Hii aliinunua kwa Odongo, fundi wa vifaa vya mitumba mtaani Kondele. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, kitufe cha kuwasha na kitufe cha kupiga, basi. Aliipenda mara moja.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwao Migosi, alimwelekezea mumewe Calvince, aliyekuwa kwenye kochi akitazama mpira. Kamera za aina hii zikiona uso huuzungushia kisanduku cha manjano kwenye kioo cha nyuma, zijue pa kulenga. Kisanduku kilimkaa Calvince usoni sawasawa. Halafu kikatokea cha pili, kidogo, kwenye mlango wa jikoni.

Jikoni hapakuwa na mtu. Sheryl alidhani ni kalenda ya ukutani inayoichanganya kamera, akaitoa. Kisanduku kilibaki palepale. Alipopiga, picha ilitoka safi: mume, kochi, mlango mtupu.

"Hii kitu macho yake si mazuri," alisema.

"Mrudishie Odongo," Calvince akajibu bila kugeuka.

Jumatatu aliipeleka kila mahali. Alimpiga picha mama wa mboga, akapiga watoto wakitoka shule, akajipiga mwenyewe kwenye kioo cha bafu. Kisanduku kilikuwa kimoja kwa kila uso, bila kosa. Jioni, Calvince aliporudi kutoka kwenye duka lake la vipuri na kukaa kibarazani kuvua viatu, vikawa viwili tena, na kile cha pili kilikuwa nyuma ya kiti chake, kikubwa kuliko jana. Sheryl alijua maana yake. Uso ukisogea karibu, kisanduku hukua.

Hapo ndipo aliposikia harufu. Ilikuwa ya magugu-maji yaliyooza juani, ile inayokaa ufuoni mwa ziwa pale Dunga magugu yakijazana. Lakini ziwa lilikuwa mbali na Migosi, na Calvince hakuwa mtu wa kwenda huko. Tangu wafunge ndoa mwaka uliopita, kila Sheryl alipomwambia waende Dunga kula samaki alikuwa na sababu ya kukataa.

Jumanne asubuhi alipekua mipangilio ya kamera akitafuta dawa ya kasoro ile. Akakuta kwamba ina uwezo wa kukumbuka nyuso: unamsajili mtu mara moja, unaandika jina lake, na kila akitokea mbele ya kamera jina huja juu ya kisanduku. Mtu alikuwa ameuzima. Sheryl akauwasha, akaenda hadi mlango wa bafu ambako Calvince alikuwa akinyoa ndevu, akainua kamera.

Visanduku viwili vilikuwa karibu kugusana. Kimoja kilikuwa begani kwa mumewe, juu yake pameandikwa NEKOYE. Kingine kilikuwa usoni mwa mumewe, juu yake pameandikwa CALVO.

Sheryl hakuwa amemsajili mtu yeyote, na nyumbani mle hakuna aliyemwita mumewe Calvo, na akiwa amesimama pale alisikia lenzi ikijisukuma mbele yenyewe, taratibu, kama shingo ya mtu anayetaka kuona vizuri, na bomba la sinki likadondosha tone, na tone jingine, ingawa Calvince alikuwa ameshalifunga, na ile harufu ikapanda kutoka sakafuni ikajaa bafu zima.

Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi Kondele.

"Odongo, hii kamera ulitoa wapi?"

Odongo alipunguza redio. "Wavuvi waliitoa kwa wavu, huko Dunga. Nilikausha, nikaweka betri. Ikawaka. Hata mimi nilishangaa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Wanasema ilikuwa ya Nekoye, yule dada alikuwa anapiga wageni picha kwa maboti. Alipotea mwaka juzi. Mamake hutoka Bungoma kuja kuuliza kila mtu." Alimtazama. "Nilidhani bwanako alikuambia. Si alikuwa na boti huko? Huko walikuwa wakimwita Calvo."

Calvince aliporudi mchana kula, Sheryl aliiweka kamera mezani kati yao.

"Nekoye ni nani?"

Calvince aliisukuma sahani pembeni. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na chumba cha pili. Walikuwa wametoka kuwashusha wageni, yeye na Nekoye tu kwenye boti, upepo ukawapindua. Kulikuwa na jaketi moja la kuokolea na Nekoye ndiye aliyelivaa. Yeye Calvince, mwenye boti, hakujua kuogelea.

"Ulilichukua," Sheryl alisema.

"Alikuwa amenishika mkono, Sheryl. Alikuwa ananiambia tushikilie pamoja. Nikafungua kamba ya jaketi."

"Na watu uliwaambia nini?"

"Kwamba hakuwa ndani ya boti."

Nyuma yake kiti kitupu kililia kama kinachokaliwa. Wote wawili walisikia.

Siku iliyofuata walienda Kaloleni kwa Mzee Idd, ambaye watu wa dini zote humwendea kwa siri wakisumbuliwa na majini. Mzee aliishika kamera, akainusa, akairudisha juu ya mkeka.

"Jini ningezungumza naye," alisema. "Jini ana anachopenda, hupewa, huenda. Huyu ni mtu. Hajazikwa. Ninyi Wajaluo mna jina lake."

"Jachien," Calvince alinong'ona.

"Basi. Mzuka wa aliyedhulumiwa haondoki kwa ubani. Nenda kwa mamake ukaseme, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nitafungwa, Mzee. Hakuna njia nyingine?"

Mzee Idd akamgeukia Sheryl, kana kwamba swali lilikuwa lake. Sheryl alitazama chini. Calvince alikuwa mumewe, na alikuwa mwema kwake, na msichana yule alikuwa ameshakufa.

"Ipo ya kumziba macho," mzee akasema bila furaha. Aliisomea kamera, akaizungushia kitambaa cheupe. "Yeye huona kupitia hii. Isikuelekee tena."

Harufu iliisha. Calvince akalala kama mtoto, akanenepa, akaanza kuimba bafuni. Sheryl aliificha kamera kabatini chini ya mashuka, akawaandikia wafuasi wake kwamba ile haikufaa. Siku zikapita, na kila siku aliyonyamaza ilimrahisishia kunyamaza inayofuata.

Kisha asubuhi moja ya jua kali mwanamke mwembamba alibisha hodi. Odongo alikuwa amempigia simu.

"Mimi ni mama yake Nekoye," alisema. "Nimeambiwa mna kamera ya binti yangu."

Sheryl alimkaribisha sebuleni, alikokuwa Calvince kwenye kochi, akaenda kuitoa kabatini. Kutoka chumbani aliwasikia.

"Wananiambia ulikuwa na boti Dunga, baba."

"Nilikuwa nayo, mama. Lakini binti yako simjui."

"Hukumwona hata siku moja?"

"Wasichana wa picha walikuwa wengi. Huenda alipata mwanamume wakatoroka. Hao ndivyo walivyo."

Sheryl alisimama na kitambaa mkononi. Aliweza kuvumilia mengi, alikuwa ameyavumilia, lakini si lile. Akaifungua kamera, akatoka sebuleni, akamwelekezea mumewe.

"Sheryl, weka chini," Calvince alisema kwa upole.

Visanduku viwili vilitokea vikiwa vimelaliana, vikawa kimoja, na jina juu ya uso wa mumewe lilikuwa NEKOYE. Sheryl akabonyeza.

Calvince alikohoa mara moja. Halafu akafungua mdomo kusema, na badala ya maneno yakatoka maji, ya kijani, yenye nyuzi za magugu, yakamwagika kifuani na mapajani, na akayapigania akiwa ameketi kwenye kochi kavu katika nyumba kavu, mikono ikitafuta kitu kifuani mwake kama mtu anayeshikilia kamba inayofunguliwa na mwingine, macho yakimwangalia mkewe, mpaka miguu ikaacha kupiga sakafu na maji yakaendelea kutiririka kwa utulivu hadi mlangoni.

Mama Nekoye hakupiga yowe. Alivuka maji, akaichukua kamera mkononi mwa Sheryl, akatazama picha. Safari hii uso wa pili ulikuwemo. Alipitisha kidole juu ya kioo.

"Ndiye," alisema. "Nywele zake zimelowa."

Sheryl alianza kulia. Akamweleza yote, boti, jaketi, kamba. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiinua kamera, akamwelekezea Sheryl. Lenzi ikajisukuma mbele, taratibu.

"Wewe ulijua tangu lini?"

Harufu ya magugu ilikuja kutoka nyuma, karibu sana na sikio lake. Sheryl hakugeuka.

Mama Nekoye alikuwa akitazama kioo, macho yakienda kushoto na kulia, kama mtu anayehesabu nyuso.