Jiko Lisilowashwa Jumatano

Saa nane na robo mchana, Jumatano, Mpelelezi Wanda Petrosky alikuwa amepiga magoti kwenye majivu ya nyumba namba 918, Mtaa wa Alder, akichekecha kwa chekecheo la unga alilolichukua jikoni kwa mama yake. Kazi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mtaalamu wa moto, na mtaalamu wa moto alipunguzwa Januari, pamoja na askari ishirini na wawili na wazimamoto kumi na tisa, kwa sababu jiji letu la Kessler Falls limefilisika, na madiwani waliolifilisi hawaoni cha kukata ila watu.

Simu ya moto ilipigwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Gari la zimamoto la Kituo Namba Nne lilifika na kuanza kumwaga maji ndani ya dakika tatu. Nyumba ilikuwa imezibwa madirisha kwa mbao tangu mwenyewe afe, na mtaa mzima uliamini haina mtu. Kumbe mzee Leonard Pruitt, ambaye hakuwa na pa kulala tangu kiwanda cha vioo kifungwe, alikuwa amejificha baridi ghorofani. Kapteni Hruska, mkuu wa Kituo Namba Nne, aliingia mwenyewe akambeba begani, mikono yake ikaungua. Mpiga picha wa gazeti aliwahi kuipata picha. Mzee Pruitt alifia hospitali saa saba.

Katika stoo ndogo chini ya ngazi, Wanda aliona kifuniko cha kopo kilichogandiwa na nta, na kando yake mabaki ya magazeti yaliyofinyangwa. Mshumaa katikati ya magazeti huchukua muda kuyafikia. Aliyeuwasha alitaka awe mbali moto ukianza. Wala hakuwa Pruitt, maana mtu hawashi mshumaa ajipashe joto kisha akaufungia stooni na yeye akapanda kulala juu.

Alikunja ripoti yake akaitia mfukoni, akalikung'uta chekecheo la mama yake, akarudi kituo cha polisi.

"Tayari tunaye," Luteni Farrow, bosi wake, alimwambia asubuhi ya Alhamisi. "Lamont Gaines. Zimamoto, Kituo Namba Nne, amepunguzwa Januari. Wiki iliyopita alisimama mbele ya madiwani akawaambia wasubiri nyumba iungue na mtu ndani ndipo wataelewa. Na jirani alimwona nje ya 918 Jumatano asubuhi."

"Hayo ni maneno ya hasira, Luteni."

"Mwendesha mashtaka anamfungulia kesi ya mauaji kesho saa kumi na moja jioni. Na kesho saa kumi na moja jioni wewe unarudisha beji, Petrosky. Pole, lakini orodha ya wanaobaki imeishia namba sitini na wewe ni sitini na moja. Baada yako hakuna wa kulishika faili hili. Litakwenda kama lilivyo."

Wanda alikuwa na miaka kumi na minne kazini. Alitazama saa ya ukutani, akaomba funguo za mahabusu.

Lamont alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye malengelenge viganjani.

"Ulikuwa unafanya nini Alder?"

"Nimeshasema mara tatu, dada. Nilikuwa nachimbua mabomba."

"Mabomba gani?"

"Ya zimamoto. Yale mekundu ya kando ya barabara. Theluji imeyafukia, na sisi tuliokuwa tunayachimbua tumepunguzwa. Gari likifika, jamaa wanapoteza dakika nne wanalitafuta bomba kwa mateke."

"Nani anakulipa?"

"Nani anamlipa mtu siku hizi katika jiji hili?"

"Sasa kwa nini ufanye?"

"Kwa sababu wenzangu bado wanaingia motoni." Akainamisha kichwa. "Luteni alicheka nilipomwambia. Cheka na wewe."

Wanda hakucheka. Saa nne alikuwa jikoni kwa Kituo Namba Nne, maana zimamoto hawahojiwi kwingine, wanaongea vizuri wakiwa na kikombe mkononi. Picha ya gazeti ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Kapteni Hruska, mwanamume wa miaka hamsini na minne, alikaa kwenye kichwa cha meza, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Stanko, mpishi wa zamu, alichemsha birika juu ya jiko la gesi akammiminia Wanda kahawa.

"Kunywa, dada. Leo angalau kuna kitu cha moto. Jana tulikula mikate baridi na jibini. Jumatano! Miaka kumi na tisa nakaanga vitunguu vya chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, kila Jumatano saa nne na nusu, harufu inafika mpaka kanisani."

"Kulikoni jana?"

"Kapteni alisikia harufu ya gesi, akasema nisiwashe. Mimi na pua langu hili lote sikusikia kitu."

"Pua lako limeuawa na vitunguu," alisema Kapteni, na meza nzima ikacheka.

"Lakini afadhali," Stanko aliendelea. "Kengele ingelia nikiwa nimeweka nyama. Tulirudi saa tisa. Ningeimwaga yote."

Wanda aliomba daftari la zamu akanakili ukurasa wa Jumatano. Kapteni aliliandika kwa uangalifu wa mtu asiyeacha kitu. Saa moja na nusu, balbu ya choo imeungua, imebadilishwa. Saa nne na dakika tano hadi saa nne na dakika arobaini, Kapteni amechimbua mabomba matatu, Mtaa wa Alder. Saa tano na dakika ishirini, moto.

"Lamont ni mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Kijana mzuri," Kapteni alijibu akitazama bendeji zake. "Hasira tu zilimzidi. Siamini ni yeye."

Jirani aliyemwona Lamont aliitwa Bi Ernestine. Alikaa mkabala na 918 na alikuwa amekasirika hata kabla mlango haujafunguka.

"Askari wenu aliniuliza kama nilimwona yule kijana. Nikasema ndiyo. Akafunga kijitabu akaondoka. Hakuniuliza kijana alikuwa anafanya nini."

"Mimi nakuuliza, mama."

"Alikuwa na beleshi, mwanangu. Anachimbua bomba. Alianza na lile la pembeni kule, akaja la katikati, akamalizia na hili la mbele ya ile nyumba. La mwisho nilimpelekea kahawa."

"Saa ngapi?"

"Mchungaji wa redioni alikuwa bado anaomba. Anamaliza saa tatu kamili."

"Mtaa huu una mabomba mangapi?"

"Matatu. Yalikuwa matatu hata nilipoolewa."

Wanda alisimama kwenye theluji akasoma tena nakala yake ya daftari. Mabomba yaliyokuwa wazi kabla ya saa tatu yalichimbuliwaje tena saa nne? Alitaka pawe na jibu jingine. Alimheshimu Kapteni Hruska, kama sisi sote.

Alhamisi jioni alikula kwa mama yake, Mtaa wa Birch, nyuma tu ya Alder. Televisheni ilionyesha madiwani wakipiga kura. Mmoja aliinua ile picha ya gazeti, akasema dakika tatu, akasema shujaa, na Kituo Namba Nne, kilichokuwa kifungwe mwisho wa mwezi, kikabakizwa kwa kura tano kwa nne. Mama alipiga makofi. Moyo wake ulikuwa umesimama mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili ni Stanko na Kapteni walioupiga mpaka ukarudi.

"Sasa nikianguka najua watakuja," mama alisema. Akainuka kutengeneza chai, akawasha jiko.

Wanda alitazama ule moto wa bluu chini ya birika, akakumbuka kahawa ya asubuhi, iliyochemshwa juu ya jiko la Stanko. Mtu anayeandika balbu ya choo angesahau gesi inayovuja?

Hakulala vizuri, na sababu haikuwa kutolijua jibu. Jibu alikuwa nalo. Alijua kwamba akinyamaza kesho tu, mpaka saa kumi na moja, kituo kitabaki na mama atakuwa salama. Lamont angefungwa, labda maisha. Kulipopambazuka alipiga simu kampuni ya gesi. Hakuna aliyewaita Kituo Namba Nne tangu Oktoba.

Saa tisa alasiri, Ijumaa, Stanko alikuwa anakaanga samaki. Wenzake wawili na Kapteni walikuwa mezani.

"Kapteni," Wanda alisema bila kukaa, "Jumatano saa nne ulikuwa wapi?"

"Imeandikwa. Mabomba ya Alder."

"Yote matatu?"

"Yote matatu."

"Uliyachimbua kwa nini?"

"Kwa beleshi, Mpelelezi. Ulitaka nitumie kijiko?"

Walicheka, lakini Wanda aliendelea kumtazama mpaka wakaacha.

"Lamont aliyamaliza kabla ya saa tatu. Bi Ernestine alimpelekea kahawa kwenye la mwisho. Uliyakuta wazi ulipofika na gari, ukarudi ukaandika ni kazi yako, ili upate pa kusema ulikuwepo saa nne."

Mafuta yalichachatika kikaangoni.

"Daftari lina balbu ya choo, gesi halina. Kampuni haikuitwa. Na kesho yake nilikunywa kahawa ya jiko hilohilo. Ulijua kengele italia, Kapteni. Hukutaka nyama ya watu wako iharibike."

Stanko aligeuka, mwiko mkononi. "Mwambie amekosea," alimwambia Kapteni, polepole. "Mwambie tule."

Kengele ikalia.

Wale wawili walikuwa wameshafika kwenye buti zao. Stanko alibaki amesimama, akimtazama mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na samaki wanaungua. Kapteni Hruska ndiye aliyenyoosha mkono wenye bendeji akalizima jiko.

"Kaa kiti changu garini, Stanko," alisema. "Nenda."

Gari likaondoka, ving'ora vikififia. Wakabaki wawili.

"Niligonga mlango wa ile nyumba siku mbili mfululizo," Kapteni alisema. "Niligonga, niliita. Hakuna aliyejibu."

"Mtu aliyejificha akigongewa hunyamaza."

"Najua hilo sasa." "Nilitaka madiwani waone dakika tatu. Kituo Namba Mbili kingechukua kumi na moja. Mwaka mzima nimewaeleza, wakapiga miayo. Nilisema nyumba tupu, haina mwenyewe, nani ataumia? Nikampigia mpiga picha nikamwambia apite Alder. Niliposikia mtu anakohoa juu, nilipanda zile ngazi nikijua nimefanya nini."

"Na Lamont?"

"Nilidhani watamwachia."

"Usinidanganye."

Kapteni alitazama ile picha kwenye friji. "Nilitaka kura ipite kwanza."

"Ilipita jana jioni. Leo asubuhi uliamka, ukavaa, ukaja kula samaki." Wanda alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni, na hakuizuia. "Bomba lilikuwa wazi kwa sababu yake. Zile dakika tatu zako amekupa yeye, nawe umemwacha mahabusu."

Kapteni Hruska aliweka mikono mezani. Pingu zisingeingia juu ya bendeji, kwa hiyo Wanda alimshika kiwiko, wakatoka pamoja wakipita mbele ya friji yenye picha.

Saa kumi na nusu Lamont aliachiwa. Saa kumi na moja kasoro dakika tano Wanda aliiweka beji yake kwenye sanduku la kadibodi mezani kwa Luteni Farrow, juu ya beji nyingine.

"Kura itarudiwa Jumatatu," Farrow alisema. "Kituo kitafungwa, unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na mama yako anakaa Birch."

"Najua mama yangu anakokaa, Luteni."

Nje theluji ilikuwa imeanza tena. Lamont alikaa kwenye ngazi za kituo cha polisi, beleshi lake magotini, bado limefungwa kikaratasi cha ushahidi.

"Nikupeleke nyumbani?" Wanda aliuliza.

"Nipitishe Birch kwanza. Huko sikuwahi kufika."

Bomba la Mtaa wa Birch lilikuwa mbele ya nyumba ya mama, limefukiwa, halionekani hata kichwa. Wanda alitoa beleshi lake kwenye buti la gari. Walichimba bila maneno, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka dirisha likafunguka juu.

"Wanda? Mnafanya nini kwenye baridi hiyo?"

"Tunachimbua bomba, Mama," alisema. "Funga dirisha."