Pili na Ushabiki wa Mkeka

Krruu! Mkeka wa mpira ulikunjuliwa gizani juu ya sakafu ya saruji. Ndugu zangu, katika nyumba ile ya Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, sauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwamsha Yasmin, mtoto wa miaka minne, kila alfajiri. Alijilaza kimya akisikiliza pumzi ya mama yake, Pili, ikiingia taratibu na kutoka taratibu. Basi akajua nyumba ni salama.

Pili alikuwa mshonaji. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunza yoga na wenzake barazani kwa mwalimu Mitali, mjini. Yoga ilimpa usingizi, ikampa subira, ikayalegeza mabega yaliyokakamaa kwa kuinamia cherehani. Akawa mwepesi ajabu: akiinama, viganja vyote viwili vinalala chini! Wenzake walimpigia vigelegele, naye, tuseme ukweli, sifa zikampanda kichwani.

Kisha Winfrida, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafungua darasa la pilatesi, mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na kiuno, mtaa wa pili. Hapo ndipo tulipoharibu, akina mama wenzangu. Sisi watu wa hapa vitu vikiwa viwili tu, tayari ni Simba na Yanga.

"Eti unalala chali, unainua mguu mmoja, umemaliza!" Mwajuma, mwenzetu wa barazani, alicheka.

"Na jina lenyewe kama la Pontio Pilato," Bernadeta akadakia. "Mimi huko siendi, nitasulubiwa!"

Baraza zima likaangua kicheko, na Pili ndiye aliyecheka kuliko wote. "Atakayeonekana huko," alisema, "atupishe hapa barazani." Likumbukeni neno hilo.

Kumbe tangu amzae Yasmin, tumbo lake halikuwahi kukaza sawasawa. Kiuno kikaanza kumuuma. Akajinyoosha. Kikauma zaidi, naye akajipinda zaidi. Asubuhi moja akainama kumbeba Yasmin ampeleke chekechea, na kiuno kikakwama papo hapo. Akashuka chini polepole kama gunia la mpunga lililotobolewa.

"Mama, inuka," Yasmin alilia. Mama hakuinuka.

Hospitali walimpima. "Mifupa ni mizima," daktari alimwambia. "Misuli inayoishikilia ndiyo dhaifu. Ukipata nafuu, tafuta mtaalamu wa mazoezi akufundishe kuiimarisha."

Mtaalamu yupo mtaa wa pili! Lakini Pili angepitaje pale, baada ya yale maneno yake? Akakaa nyumbani wiki tatu, na mkeka umekunjwa nyuma ya mlango.

Mama yake Pili alikuwa akiishi Choma, juu mlimani, kunakofikiwa kwa njia ya miguu yenye miinuko ambayo mtoto mdogo haimalizi bila kubebwa. Alikuwa amepiga simu: stroberi zimeiva, na hajamwona mjukuu tangu Idi. Yasmin alikuwa akiulizia safari hiyo kila siku. Sasa akaacha kuuliza. Akaacha hata kunyoosha mikono ili abebwe.

"Tutaenda kwa bibi nikikua," alisema jioni moja, akimfunika mama yake kanga. "Nitapanda mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma Pili kuliko kiuno. Jumanne iliyofuata alijitanda kanga hadi puani, akapita uchochoroni, akausukuma mlango wa Winfrida. Na nani alikuwa kwenye mkeka wa mbele, miguu juu, jasho linamtiririka? Mwalimu Mitali!

"Shikamoo, mwalimu... Na wewe?"

"Marahaba. Funga mlango, mbu wanaingia," Mitali alijibu, miguu bado iko juu. "Huu ni mwezi wangu wa nne kuja hapa."

"Sisi tulidhani umekataza."

"Mlidhani! Nani aliniuliza?"

Winfrida alimkaribisha, akasoma karatasi ya daktari, kisha akauliza, "Mama Yasmin, wewe ni fundi. Kitambaa kinachovutika, ukishona sketi bila kuweka lastiki kiunoni, inakuwaje?"

"Inalegea. Inashuka."

"Ndiyo kiuno chako hicho. Yoga imevifungua viungo vyako vizuri sana. Sasa tuweke lastiki."

Akamlaza chali, magoti yamekunjwa. Toa pumzi, vuta tumbo la chini ndani kidogo, inua mguu mmoja shibiri moja tu, kiuno kisicheze. Haa! Pili yule wa kulaza viganja chini alitetemeka kama cherehani!

"Kumbe hivi!" alipiga kelele kwa furaha. "Kumbe nilikuwa sina kitu ndani!"

Miezi mitatu akafanya yoga siku tatu kwa wiki, pilatesi siku mbili. Na yoga yenyewe ikanoga! Lile pozi la kusimama kwa mguu mmoja, ambalo zamani lilikuwa likimyumbisha, sasa alilisimamia kama nguzo. Ndipo akasimama mbele ya wenzake barazani.

"Nilisema atakayekwenda kule atupishe. Basi napisha."

"Kaa chini, shoga!" Mwajuma alimvuta kanga. "Jumanne ni saa ngapi?"

FUNDISHO

Wenzangu, tusifanye ushabiki katika mambo ya afya. Yoga hutufungua na kututuliza. Pilatesi hutujenga ndani ili tulichokifungua kisituangushe. Kimoja hakimfukuzi mwenzake. Mwili ukiuma, usiulazimishe: kapime, uliza, jifunze. Na maneno ya kujigamba yasitufungie mlango wa msaada, kwa sababu anayeteseka zaidi huenda ni mtoto anayetutegemea.

Mnauliza kuhusu safari? Jumamosi moja walianza kupanda na jua la asubuhi. Yasmin alitembea pale penye tambarare. Palipoinuka, Pili alichuchumaa, akatoa pumzi, akakaza tumbo, akamfunga mgongoni kwa kanga na kusimama. Bibi alikuwa akiwasubiri shambani na bakuli la stroberi. Yasmin hata hakulitazama lile bakuli.

"Bibi, mama amenibeba."