Ndoo ya Maganda

Enyi wakazi wa dunia, tegeni masikio! Nawaletea penzi tukufu, lililokuja kuiokoa sayari nzima. Lilianza kwenye foleni ya sabuni.

Duka lile hupima sabuni ya maji kwa anayekuja na chupa yake. Dada yangu, mshonaji, alivaa gauni alilolishona kwa pazia letu la jikoni. Mbele yake alisimama fundi friji, shati limenyooka, chupa tupu mkononi.

"Gauni zuri," akasema fundi.

"Juzi lilikuwa dirishani."

"Basi dirisha limepata hasara."

Dada akacheka, wakapeana namba. Msiniulize nimejuaje. Msimulizi huona yote.

Wanawake wengine huletewa maua. Dada aliletewa maganda. Kila Jumamosi fundi alikuja na ndoo ya taka za jikoni kwake, kwa ajili ya shimo letu la mboji. Kwetu maji ya kusuuzia nguo husafisha choo, na taa iliyosahauliwa ni kesi. Hata simu zao zilikuwa hivi:

"Mpenzi, umezima televisheni?"

"Nimezima, laazizi."

"Na swichi ya ukutani?"

"Ngoja nirudi."

Jumamosi moja fundi alikuja na habari: wazee wake wako tayari kuja kuposa. Akaacha ndoo mlangoni, akaingia kunawa. Dada akaimwaga shimoni. Katikati ya maganda zikametameta karatasi za plastiki za biskuti.

"Hizi nini?" akamuuliza fundi alipotoka.

"Si zangu."

"Ndoo ya nani?"

"Yangu. Lakini mimi hata biskuti sili!"

"Ungesema umepitiwa, ningekusamehe. Kunidanganya mchana kweupe, hapana. Waambie wazee wako wapumzike."

Simu zikalia, hazikupokelewa. Dada akashona blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, mteja akaikataa.

Jumamosi iliyofuata fundi akatokea na ndoo yake.

"Umefuata nini?"

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa shimo."

"Shimo halipokei wageni."

"Basi acha niigeuze mboji, niondoke."

Akashika jembe. Chini kabisa, kwenye mboji ya likizo ya shule iliyopita, zikaibuka karatasi zilezile, zimechujuka.

"Likizo iliyopita," akasema fundi taratibu, "nilikuwa hata sikujui."

Dada akazitazama. Akamshika mkono wenye udongo.

"Nisamehe, laazizi. Walete wazee."

"Na ndoo?"

"Na yao pia."

Hadithi ingeishia hapo kwa heshima zote. Lakini dada akajiuliza ni nani huonekana nyumbani wakati wa likizo tu, akainua macho kwenye dirisha la jikoni. Nilikuwa hapo hapo nilipo siku zote, isipokuwa pazia alikuwa amelivaa yeye.

"Toka!"

Nikatoka. "Ni mimi, dada. Nilikula biskuti za wageni, na ndoo ilikuwa karibu kuliko pipa."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilikuwa na moja mdomoni."

"Na ulipoimeza?"

"Nilikukuta unalia. Nikaogopa."