Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Jioni ile Wahiba aliosha vikombe vinne, na waliokunywa kahawa walikuwa watatu.

"Labda nimejisahau," akajiambia. Mwenye mtoto mchanga husahau mengi.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, naye alikuwa na mwaka mmoja tu Temeke, tangu mumewe Nasser alipomleta kutoka Maskati wakakaa nyuma ya duka lao la vitambaa. Bila Mwajabu na kaka yake Jabiri, vijana wa Kizaramo wa nyumba ya pili, angelia mpaka macho yakauke. Tangu ajifungue, Mwajabu alimtekea maji bila kuombwa. Jabiri alimfundisha Kiswahili, akimcheka lakini bila kumwumiza. Naye aliwapa heshima ya kwao Maskati: kila alasiri alifukiza ubani, akawamiminia kahawa. Kwao mgeni hujaziwa kikombe tena na tena, mpaka akitikise kuonyesha ametosheka. Asipotikisa, mwenyeji haachi kumimina.

"Bi Wahiba, kikombe hiki hata kifaranga hakimlowanishi mdomo," Jabiri alisema.

"Na wewe umekunywa vingapi, kifaranga?" Mwajabu akamjibu.

Kesho yake Wahiba alimimina huku ameinama, akimbembeleza mwanawe Mahfudha mapajani. Kikombe kimoja kikatikiswa, cha pili kikatikiswa, lakini kingine kiliendelea kuletwa mbele yake, naye akakijaza, na akakijaza tena, mpaka birika likawa jepesi mkononi, na aliponyanyua uso aliwaona Mwajabu na Jabiri wako mlangoni wanavaa ndara, wamempa mgongo, na pale mkekani mbele yake kikombe kinazunguka chenyewe, kitupu, kinafuka mvuke, na harufu ya udongo uliolowa imeufunika ubani wote.

Tangu siku hiyo maziwa yake yakaanza kukauka. Mahfudha alinyonya, akaachia, akalia kwa sauti ya paka. Kila alasiri kikombe cha nne kilikuja, na Wahiba alimimina. Angemnyimaje mgeni?

"Uchovu tu huo," alisema Nasser.

"Kila kitu uchovu! Mshike basi, umpime kwa mikono yako!"

Nasser akamshika mtoto, akamrudisha upesi kifuani kwa mamaye.

Kisha vijana wakaacha kuja. Hilo lilimchoma kuliko yote. Siku ya nne akambeba mtoto mpaka kwao.

"Nimewakosea nini?"

Mwajabu alitazama chini. "Hujatukosea, dada. Ni yule anayekaa kati yetu. Tunaogopa."

"Mnamwona?"

"Vidole tu," alinong'ona Jabiri. "Sie tulidhani ni wako. Tulidhani mmekuja naye kutoka Uarabuni. Kumsema mgeni wa mtu si adabu."

"Adabu!" Machozi yalimtoka Wahiba kwa hasira. "Mwanangu anakwisha, nyie mnanyamaza kwa adabu!"

Mwajabu alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda kumwita shangazi yao Zuena, mganga wa Tandika.

Zuena alinusa chumba kutoka mlangoni, akakataa kuketi.

"Hapa palikuwa mzimuni kabla ya nyumba. Watu walimwita mzimu wa hapa kwa ubani. Wewe umemwita kila siku, kisha umemkirimu."

"Hatikisi kikombe, bibi! Nifanyeje?"

"Ajue wapi kutikisa? Huyu ni wa hapahapa, mambo ya Maskati hayajui. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jabiri, lete lako."

Jabiri alilaza jembe mkekani. Zuena akasema, kama anayemsemesha mkwe, "Mgeni wetu, umekula, umekunywa. Kazi hiyo hapo. Nenda kalime."

Wakatoka wote, wakafunga mlango. Ndani kikombe kiligonga sakafu mara moja, mpini wa jembe ukaburuzwa taratibu, ukapita chini ya dirisha, ukaelekea uani, na hakuna aliyethubutu kuchungulia. Waliporudi ndani, harufu imekwisha, na jembe halipo.

Usiku huo maziwa yalirudi. Mahfudha alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni, na Wahiba akacheka huku akilia.

Asubuhi Jabiri alifika kutafuta jembe lake. Wahiba alimsikia akizunguka uani, akipiga mluzi, kisha mluzi ukakatika.

"Bi Wahiba," aliita kwa sauti ndogo. "Usije na mtoto."

Lakini alikuwa amekwisha fika, Mahfudha kifuani.

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefutwa safi. Mbele yake, kwenye udongo mwekundu, palikuwa pamechimbwa shimo moja, jembamba, kingo zake zimesawazishwa kwa vidole. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Upande wa kichwani kilisimama kikombe cha nne, kitupu, kikingoja kujazwa.