Chumvi ya Ukuta wa Gareji

Mbuzi hakatai chumvi. Yule wa jirani Agnès alikuwa amelamba kila ukuta wa mtaa pale Uvira, hata wa kanisa, bila haya. Lakini akifika kwenye gareji ya Mama Belyse alivuka upande wa pili wa njia, shingo juu kama mke wa chifu. Hapo ndipo Agnès alipoanza kunong'ona, na Agnès akinong'ona hata Bujumbura wanasikia.

Ulikuwa mwaka wa vita ya pili ya Kongo. Mpaka umefungwa, chumvi haionekani sokoni. Félicité, ndiye huyo Mama Belyse, alikuwa amebaki na binti yake wa miaka sita; mumewe, Ngendakumana, alikimbia na gari kabla barabara haijafungwa. Gareji tupu ikaanza kutoa jasho. Sakafu ilitota bila mvua, plasta ikabanduka vipande vipande, na ukutani ikachanua chumvi nyeupe, laini kama unga wa muhogo.

Akamwita Damien, fundi mwashi. Damien akabandua kidogo, akaguna. Mchanga huu, alisema, Ngendakumana aliuchota ziwani, pale wavuvi wanapoogopa kufunga mitumbwi. Ukuta usimwagiwe maji, yatairudisha chumvi ndani. Upanguswe mkavu kwa brashi. Yeye angechimba sakafu, atandaze mawe na plastiki, kisha apake lami chini ya ukuta ili unyevu usipande.

"Na hii chumvi uitupe mbali," alimwambia. "Usionje, Mama."

Félicité akaitika vizuri sana. Kisha akakinga sufuria chini ya brashi. Nani angemlaumu? Miezi mitatu sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, mtoto anasukuma sahani. Jioni ile Belyse alilamba hadi mwiko.

Tangu siku hiyo, chakula kisichotiwa chumvi ile kilikuwa majivu mdomoni mwao.

Damien alimaliza kazi yake, na lami ikashika. Lakini unyevu uliozibwa chini ulitafuta njia ya juu. Doa lake ukutani, lililokuwa la magotini, likapata kiuno, likapata mabega, na siku ya tisa, mchana wa joto watu wakiwa wamejilaza, Félicité akasikia ndani ya gareji kitu kikilamba, polepole, kama ulimi mkavu unaopita juu ya saruji, akasogea, akapigwa na harufu ya samaki na maji yaliyolala, akasukuma mlango akijiambia ni mbuzi wa Agnès ameona mwanga hatimaye, akamkuta Belyse amesimama kwa ncha za vidole, mashavu meupe kwa chumvi, mdomo umefungwa kabisa, na mbele yake lile doa, sasa lina kichwa, limemwinamia, na kulamba kunaendelea.

Damien alipoitwa tena akaliona, alirudi kinyumenyume. "Mama, miye najua maji na saruji," alisema. "Hii, hapana." Hata mwiko wake wa uashi aliuacha.

Ikabaki kumleta mfumu Nduwimana, mganga wa Bwegera, aliyetembea siku mbili akikwepa vizuizi vya askari. Mzee hakuingia. Aliweka kiganja kizingitini, akakinusa.

"Mulikula?"

"Kidogo tu, Baba. Ndani ya sombe."

Mzee akaketi chini kama aliyechoka ghafla. "Jini akikuja kwako, yeye iko mugeni. Mugeni naweza kumufukuza. Lakini weye ulikula chumvi yake. Sasa weye ndiye mugeni, na yeye ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba, nitamufukuza namna gani?"

Félicité akamshika miguu, akamsihi amtoe yeye kwa jini, mtoto aachwe. Nduwimana akaiondoa mikono ile taratibu.

"Mutoto alikula kukupita."

Kesho yake Félicité akambeba Belyse mgongoni hadi Luvungi, kwa dada yake Josée, kwenye nyumba ya udongo mtupu isiyojua saruji. Wiki ya kwanza, kimya. Félicité akaanza hata kulala usingizi. Wiki ya pili, asubuhi, Belyse alimnyooshea mkono mbuzi wa Josée, mbuzi anayelamba jasho la kila mtoto wa kijiji. Mbuzi akanusa. Akarudi nyuma, akazidi kurudi nyuma, mpaka kamba ikamkaba shingo.

Belyse akacheka. Jasho lilikuwa limemkaukia kwenye paji, jeupe.

"Mama," alisema kwa upole, "mwenye nyumba anasema chakula iko tayari."

Félicité alitaka kumziba mdomo. Alitaka kumwita Josée. Lakini mate ya njaa yalikuwa yamemjaa kinywani.